Chungu cha Jioni Mpakani: Busia na Tororo

Msafiri atokaye Kampala kuelekea mashariki, akiisha kuzipita Jinja, Iganga na Bugiri, hufika mahali ambapo njia yagawanyika. Tawi moja huelekea Tororo na Malaba. Tawi la pili huelekea Busia. Matawi yote mawili huishia mpakani mwa Kenya, wala hayatengani mbali, kwani kutoka Busia hadi Tororo ni safari isiyofika saa moja kwa gari. Tororo huonekana kabla ya kufikiwa, kwa sababu ya mwamba wake mkubwa uliosimama peke yake juu ya nchi tambarare, kilele chake kikiwa takribani mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Busia haina mwamba. Busia hutambulikana kwa safu ndefu ya malori yangojayo kuvuka, na kwa vijana wa baiskeli na pikipiki. Mji huu ndio utajwao kuwa chimbuko la neno bodaboda, kwa kuwa waendesha baiskeli wa zamani walikuwa wakiwachukua abiria kutoka mpaka mmoja hadi wa pili.

Mengi yameandikwa juu ya malori hayo, juu ya ushuru na juu ya magendo. Machache yameandikwa juu ya kazi ifanyikayo kila siku pande zote mbili za mpaka, jua linapoanza kushuka, nayo ni kazi ya kutayarisha chakula cha jioni. Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo ishikayo maisha ya watu wa Busia na Tororo, na ndani yake mna mafundisho makubwa kwa kila jamaa ambayo mshahara wake hauzidi matumizi.

Kabila moja, serikali mbili

Ili kukielewa chakula cha mahali hapa, hapana budi kwanza kuuelewa mpaka wenyewe. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote hii, hata kuipita Kisumu na kufika Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Siku hiyo Waingereza waliihamishia katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari uliochorwa ukawakata Wasamia na Wateso vipande viwili. Ndugu wa baba mmoja wakawa na serikali mbili, na baadaye vitambulisho viwili na fedha za aina mbili.

Utawala umebadilika mara nyingi tangu wakati huo. Upande wa Uganda, Wilaya ya Busia ilimegwa kutoka Wilaya ya Tororo mwaka 1997. Upande wa Kenya, Busia ni makao makuu ya kaunti tangu mwaka 2013. Mwezi wa Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa pande zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja.

Lakini chungu hakikupata kukatwa. Msamia wa Kenya na Msamia wa Uganda wote wawili hula obusuma. Mteso wa Amukura na Mteso wa Tororo wote wawili hula atap. Mjopadhola, mwenyeji wa Tororo mwenye asili ya Waluo, hula kwon. Majina ni matatu, lakini asili ya chakula ni moja: ugali mzito wa nafaka za kienyeji, hasa wimbi, ambalo Watanzania huliita ulezi, pamoja na mtama na muhogo. Hata samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, ambao Mwanza huitwa dagaa, upande wa Kenya huitwa omena, na hatua chache mbele, ukiisha kuvuka, huitwa mukene. Samaki ni yule yule.

Asili ya neno posho

Kuna neno moja katika nchi hii ambalo askari wapaswa kulifahamu kuliko watu wengine. Mganda akitaka ugali wa mahindi husema “posho”. Kwa Kiswahili cha asili posho si ugali. Posho ni chakula au fedha apewayo mtu kwa ajili ya matumizi yake akiwa kazini. Wapagazi, askari wa kikoloni na vibarua wa reli na mashamba walikuwa wakipimiwa unga wa mahindi kuwa posho yao ya siku. Kidogo kidogo jina la kipimo likawa jina la chakula.

Reli ilipita Tororo, tawi la kwenda Soroti likafunguliwa mwaka 1929, na njia kuu ikafika Kampala mwaka 1931. Unga wa mahindi ukaenea pamoja na kambi za kazi. Mahindi yalipendwa na watawala kwa sababu huzaa sana, husagwa kwa mashine kwa urahisi na hupimwa upesi. Si kwamba yalikuwa bora kuliko wimbi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wengi wa jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kubadilishiwa chakula ghafla na kulishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na usioiva vyema, hata matumbo yakaharibika.

Kwa hiyo sahani ambayo leo huhesabiwa kuwa chakula cha kawaida cha askari, yaani ugali mweupe na mboga kidogo, haikuwa chakula cha wazee. Ilikuwa ni posho ya kazini iliyomfuata mtu hadi nyumbani, ikaketi mezani, na kukisukuma nje chungu kilichokuwapo.

Tarehe ishirini ya mwezi

Katika kota za askari, tarehe 20 ya mwezi ina sura yake. Mshahara umekwisha kugawanywa: karo, deni la duka, nauli ya mgonjwa aliyepelekwa hospitali, na fedha zilizotumwa kwa wazazi. Kilichobaki ni kidogo, na mwezi ungali una siku kumi. Katika siku hizo mama wa nyumba hununua unga wa paketi kidogo, mafuta ya kupimiwa, nyanya mbili, kitunguu kimoja na sukumawiki. Watoto hushiba usiku, lakini hushiba wanga. Asubuhi huamka na njaa, na baada ya miezi mingi ya mlo kama huo mtoto mdogo huanza kupauka nywele na kuvimba miguu. Mganga akiulizwa husema ni utapiamlo, na wazazi hushangaa, kwa sababu mtoto hakulala na njaa hata siku moja.

Hili ndilo jambo zito lililojificha ndani ya habari hii ya mapishi. Katika Busia na Tororo utapiamlo huweza kumkuta mtoto ambaye nyumba yao imezungukwa na chakula cha kujenga mwili, chenye bei nafuu, kinachouzwa kando ya barabara. Kinachokosekana mara nyingi ni ujuzi. Tena familia ya askari ni rahisi kuupoteza ujuzi huo kuliko familia nyingine, kwa kuwa askari huhamishwa. Mke aliyelelewa Mbarara akizoea matoke, au aliyelelewa Mombasa akizoea wali na nazi, hufika kambi ya Rubongi mjini Tororo au kota za polisi Busia, na hajui afanye nini na fungu la majani ya kunde wala na muhogo mkavu.

Mwalimu wa mama huyo yuko sokoni. Saa kumi za alasiri, akina mama wenyeji hutandika magunia kando ya njia na kupanga mafungu: kunde, mrenda, mnavu, mgagani, karanga zilizokaangwa na kusagwa, ufuta, mukene katika vilima vidogo vya rangi ya fedha, wimbi jekundu, na vipande vya muhogo mkavu, vyeupe kama chokaa. Mazungumzo kama haya husikika hapo kila siku:

“Mulembe, mama.”

“Mulembe, mwanangu. Leo wapeleka nini nyumbani?”

“Nina pesa kidogo tu, mama. Watoto ni wanne, na baba yao anaingia lindo usiku.”

“Basi acha nyanya. Chukua kunde mafungu mawili na karanga kopo moja. Karanga ndiyo mafuta yako, na ndiyo nyama yako.”

Upande wa Wateso salamu huwa “Yoga”, lakini shauri litolewalo ni lile lile. Mgeni akiuliza kwa heshima jinsi ya kupika, hapati kufundishwa mboga tu. Hupata na jirani. Uhusiano mwema baina ya raia na askari huanzia mahali kama hapa, wake zao wakisalimiana kwa jina la mama na mwana.

Ugali wa wimbi na muhogo

Msingi wa chakula cha jioni cha kizamani ni unga wa mchanganyiko. Muhogo mkavu hutiwa sehemu mbili na wimbi au mtama sehemu moja, kisha husagwa pamoja mashineni. Muhogo huleta shibe na bei nafuu, lakini protini yake ni haba mno. Wimbi huongeza nguvu, na hasa lina chokaa ya kujenga mifupa: katika gramu 100 za wimbi mna zaidi ya miligramu 300, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii. Ugali wake huwa wa rangi ya kahawia, mzito na wenye ladha ya uchachu mwepesi. Maji yakiisha kuchemka sana, unga hutiwa na kusongwa kwa nguvu hadi ushikamane. Kilo moja ya unga huu yatosha watu sita.

Hapa pana onyo ambalo wazee walilifahamu na ambalo vijana hawana budi kulishika. Muhogo mchungu una sumu. Wazee hawakuumenya na kuusaga siku hiyo hiyo. Waliumenya, wakauloweka siku tatu au wakaurundika na kuufunika uchachuke, wakaukwangua ukungu, kisha wakauanika juani hadi ukauke kabisa. Kazi hiyo ndiyo iondoayo sumu. Watu wanaoiharakisha kwa sababu ya njaa huweza kupatwa na ugonjwa uitwao konzo, ambao huipooza miguu ghafla na haiponi. Ugonjwa huo uliwapata watu wa Tarime, Tanzania, katika mwaka wa ukame wa 1985, walipoula muhogo mchungu pasipo kuungoja. Anunuaye muhogo mkavu na amwulize muuzaji umelowekwa siku ngapi, na auvunje kipande: ulio tayari huvunjika kwa urahisi kama chaki.

Muhogo wenyewe umepata misukosuko yake katika nchi hii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa mkali wa batobato ulienea kutoka katikati ya Uganda, ukaiangamiza mihogo ya Teso na Tororo, na katika miaka ya 1990 ukavuka mpaka na kuingia magharibi ya Kenya. Watu waliona njaa. Kilimo cha muhogo kilirudi baada ya watafiti kuzisambaza mbegu zinazostahimili ugonjwa huo. Kwa hiyo kipande cheupe kilichoko juu ya gunia la mama yule hakikufika hapo bila taabu.

Mboga na kitoweo

Majani ya kunde, ambayo Wateso huyaita eboo, ni mboga ya watu wote wa eneo hili. Majani machanga huchumwa, huoshwa na kuchemshwa kwa maji kidogo. Yakiisha kulainika, karanga au ufuta uliosagwa hukorogwa kwa maji ya uvuguvugu na kumiminwa ndani ya chungu, na moto hupunguzwa. Hapana haja ya mafuta wala kitunguu. Robo kilo ya karanga huwatosha watu sita, na kwa kuwa karibu robo ya uzito wa karanga ni protini, mtoto alaye mboga hii amekula kitoweo cha kweli hata kama hakuiona nyama.

Mrenda ni mboga ya utelezi. Mgeni huuona mgumu kuuzoea, lakini mtoto mdogo na mzee asiye na meno huumeza ugali kwa urahisi kwa ajili yake. Wazee waliupika kwa magadi ya nyumbani, ambayo Waluhya huyaita musherekha. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa hadi yawe majivu. Majivu hutiwa katika chombo chenye matundu madogo chini. Maji humwagiwa juu yake, na yale yachujikayo polepole ndiyo hutiwa chunguni. Maji hayo huyalainisha majani upesi na kuokoa kuni. Yafaa kutiwa kidogo tu, kwa sababu yakizidi huharibu vitamini za mboga.

Katika miaka ya 1970, chumvi, sabuni na sukari vilipoadimika Uganda na neno magendo likawa katika kila kinywa, akina mama wengi hawakuwa na chumvi ya dukani ya kutia chunguni. Ujuzi wa majivu, uliokuwa umedharauliwa kuwa ni wa bibi na wa mashambani, ukarudi kuheshimiwa.

Mukene, au omena, ni kitoweo cha mtu wa kipato kidogo kisicho na mfano. Samaki hawa wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao huwa protini, nao huliwa wazima pamoja na mifupa yao, ambayo ni chokaa tupu. Walioanikwa mchangani huwa na chembe za mchanga. Hivyo na waoshwe kwa maji ya moto mara mbili au tatu. Kisha hukaangwa katika sufuria kavu hadi wanukie, ndipo hutiwa nyanya moja na karanga zilizosagwa. Kwa mtoto mchanga aliyeanza kula, mukene waliokaangwa hutwangwa kuwa unga, na kijiko kimoja hutiwa katika uji wake wa wimbi.

Chakula cha akiba

Wateso wana hekima ya pekee katika viazi vitamu. Viazi vikivunwa vingi, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani; hivyo huitwa amukeke. Vikipondwapondwa kabla ya kuanikwa huitwa inginyo. Amukeke hukaa ghalani miezi mingi. Wakati wa njaa, au mvua inaponyesha na kuni zimelowa, huchemshwa katika maji yaliyotiwa ukwaju, kisha huchanganywa na karanga zilizosagwa. Ni chakula kizima katika chungu kimoja, kitamu na chachu kidogo, kimfaacho sana askari atokaye doria usiku wa manane, kwa sababu hakiharibiki kwa kupashwa moto.

Mvua za masika huleta kumbikumbi. Watoto wa pande zote mbili za mpaka hukifunika kichuguu na kukipigia ngoma kwa vijiti, ili wadudu wadhani mvua imekuja na kutoka. Kumbikumbi hukaangwa bila mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe, hupepetwa mbawa kwa ungo, na hutiwa chumvi. Waliokaushwa huwekwa akiba au hutwangwa kuwa kitoweo.

Jambo moja la kuangaliwa katika akiba yote ni ukungu. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu litoalo sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani wala haiondoki kwa kupikwa. Katika mwezi wa Machi 2021 Kenya iliyazuia kwa siku chache mahindi yaliyotoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Sheria ya mpakani haiwezi kuingia katika kila ghala la nyumbani. Mama na azichambue karanga, na zile zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zilizo chungu azitupe, wala asiwape kuku.

Mpaka unapofungwa

Wapo watakaosema kwamba habari ya akiba ni ya zamani, na kwamba siku hizi kila kitu kinapatikana dukani. Watu wa Busia wanajua vingine. Mwezi wa Desemba 1987 askari wa pande mbili walifyatuliana risasi hapa, na mpaka ukafungwa mpaka viongozi walipokutana na kuyamaliza. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watu wa kawaida walizuiwa kuvuka kwa miezi mingi, huku madereva wa malori wakingoja vipimo katika foleni za kilomita nyingi. Mama aliyezoea kununua unga upande huu na mboga upande ule alijikuta amesimama mbele ya kizuizi. Nyumba iliyokuwa na kibuyu cha mbegu za kunde, debe la amukeke na mfuko wa muhogo mkavu iliendelea kuinjika chungu kila jioni. Nyumba iliyotegemea paketi ilianza kuhesabu vijiko.

Askari walinzi wa mpaka nao walikuwa na watoto nyuma ya kizuizi kile kile. Kwa hiyo si vibaya kukumbusha kwamba, mpaka ukiwa wazi, mama wa askari anunuaye ng'ambo hana haja ya njia za panya. Kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, mazao ya nchi wanachama yaliyomo katika orodha iliyokubaliwa, yasiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti chepesi cha asili pasipo ushuru wa forodha. Apitaye kituoni hurudi nyumbani na mzigo wake pamoja na heshima ya mumewe.

Ya kuachwa na ya kushikwa

Kusifu chakula cha wazee si kusifu kila desturi iliyokizunguka. Katika jamii nyingi za eneo hili wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, na mama aliyepika alikula mwisho, akipata makombo, hata kama ana mimba au ananyonyesha. Desturi hiyo iliwadhoofisha akina mama na watoto wao, na yafaa ibaki katika historia. Baba wa nyumba akitaka chungu cha kizamani, na akubali pia kwamba mama na mtoto mdogo wapakuliwe sawa na yeye.

Lililo jema ni kwamba vyakula hivi vimeanza kupata heshima yao. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa watu. Lakini urithi haulindwi na orodha peke yake. Hulindwa na msichana wa miaka kumi anayeitwa jikoni kuchambua kunde kando ya mama yake, na mvulana anayetumwa kusaga wimbi pasipo kuona haya mbele ya wenzake.

Kwa jamaa itakayopenda kujaribu, ratiba ya juma moja la mwisho wa mwezi yaweza kuwa hivi:

Jumatatu: ugali wa wimbi na muhogo, kunde kwa karanga.
Jumanne: ugali, mukene kwa nyanya moja na karanga.
Jumatano: amukeke kwa ukwaju na karanga.
Alhamisi: ugali, mrenda uliochanganywa na kunde, na mukene wa kukaanga.
Ijumaa: maharagwe yaliyolowekwa tangu usiku uliotangulia, kwa viazi vitamu.
Jumamosi: ugali, mgagani au mnavu uliotiwa maziwa au ufuta.
Jumapili: ugali wa wimbi na samaki mmoja mkavu, au kuku kama yupo, mama na watoto wakila pamoja na baba.

Katika ratiba hii hamna siku hata moja iliyokosa chakula cha kujenga mwili, na mafuta ya dukani karibu hayatumiki. Aliye na kiwanja kidogo nyuma ya kota na apande kunde katika mistari michache. Majani machanga yataanza kuchumwa baada ya majuma machache tu ya mvua, na mbegu zitakazobaki zikaushwe kwa msimu ujao. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na waliotunga methali hiyo walikuwa wakifikiria chakula cha jioni.